Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, 5 Septemba 1946 – 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa nyimbo wa bendi ya roki ya Queen kutoka Uingereza. Alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar katika familia ya Waparsi. Anajulikana zaidi kwa sauti yake na kwa jinsi alivyolitawala jukwaa. Hata hivyo, miaka ya 1970 iliyompa jina ilikuwa pia miaka ya mvutano mrefu nyuma ya pazia, uliohusu mikataba, mameneja na swali la nani hasa ni mwenye mali wimbo unapouzwa.

Utoto Unguja na Uhindi

Waparsi ni watu wenye asili ya Uajemi ambao mababu zao walihamia Gujarat, Uhindi, karne nyingi zilizopita na kuendelea kushika dini ya Uzoroasta. Baadhi yao walivuka bahari kuja Zanzibar kwa biashara na kwa kazi za serikali. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, akiajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza. Mama yake aliitwa Jer. Jina la ukoo linatokana na mji wa Bulsar (siku hizi Valsad) ulioko Gujarat. Dada yake, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952.

Farrokh alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, wazazi walimpeleka kwa meli hadi Uhindi kusoma katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Bombay. Hapo ndipo alipoanza kuitwa Freddie, akajifunza piano, na mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, akaunda na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Miaka mingi ya utoto wake aliipitisha mbali na wazazi wake.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi yaliyoung'oa utawala wa Sultani. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu na Wahindi. Familia ya Bulsara iliondoka mwaka huohuo ikiwa na mizigo michache na kuhamia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mtumishi wa serikali aliyekuwa na nafasi ya heshima Zanzibar alilazimika kuanza upya. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Kuundwa kwa Queen

Baada ya kusoma Isleworth, Freddie aliingia chuo cha sanaa cha Ealing na kumaliza mwaka 1969 kwa stashahada ya sanaa ya michoro. Aliimba katika bendi ndogo kama Ibex na Sour Milk Sea, akauza nguo za mitumba pamoja na Roger Taylor katika soko la Kensington, na kwa muda akabeba mizigo Heathrow. Mwaka 1970 aliungana na Taylor, mpiga dramu, na Brian May, mpiga gitaa, ambao bendi yao ya Smile ilikuwa imevunjika. Jina Queen lilitoka kwake, na vilevile nembo ya bendi, ambayo aliichora kwa kutumia alama za nyota za wanabendi. Wakati huo alijichukulia jina la Mercury. John Deacon, mpiga besi, alijiunga mwaka 1971.

Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilihitaji wanamuziki wa kujaribia mitambo yake mipya. Queen walikubali kupiga kwa ajili ya majaribio hayo na wakapewa rekodi yao bila malipo. Rekodi hiyo ndiyo iliyowafikisha Trident.

Mkataba wa Trident

Trident ilikuwa studio maarufu ya mtaa wa Soho, London, iliyomilikiwa na ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Wasanii wakubwa wa wakati huo, akiwemo David Bowie, walirekodi hapo. Mnamo Novemba 1972 Queen walitia saini mikataba na Trident iliyohusu mambo matatu: kurekodi, haki za uchapishaji wa nyimbo, na umeneja. Bendi ilitaka kila jambo liwe na mkataba wake, lakini mikataba yote mitatu iliishia kwenye mikono ileile. Usimamizi wa kila siku alipewa Mmarekani Jack Nelson.

Ugumu wote uliofuata ulianzia katika mpango huo. Kwa kawaida meneja hufanya kazi kwa niaba ya msanii. Ndiye anayebishana na mwenye studio kuhusu gharama na kuidai kampuni ya rekodi mrabaha ambao haujalipwa. Hapa meneja, mwenye studio na mwenye haki za uchapishaji walikuwa kitu kimoja. Trident iligharamia kurekodi, kisha ikaipa EMI haki ya kuuza albamu Uingereza na Elektra haki ya kuiuza Marekani. Fedha za kampuni hizo zilipita kwanza Trident, gharama zikakatwa, na kilichobaki ndicho kilichohesabiwa kuwa cha bendi.

EMI yenyewe haikuwa ngeni kwa Wazanzibari. Ilitokana na muungano wa mwaka 1931 uliohusisha kampuni ya Gramophone, wenye sahani zenye picha ya mbwa na gramafoni. Kampuni hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928.

Queen waliruhusiwa kurekodi studio ilipokuwa haina mteja, mara nyingi usiku wa manane baada ya wasanii wanaolipa kuondoka. Albamu ya kwanza, Queen, ilitoka Julai 1973, muda mrefu baada ya nyimbo zake kurekodiwa. Queen II ilifuata Machi 1974, na wimbo wake wa Seven Seas of Rhye ukaingia katika nafasi kumi za juu Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huohuo, albamu ya Sheer Heart Attack ilitoa wimbo wa Killer Queen, uliotungwa na Mercury na kufika nafasi ya pili.

Pauni 60 kwa wiki

Mwanzoni kila mwanabendi alilipwa pauni 20 kwa wiki. Malipo yalipanda hadi pauni 60, na hapo yakabaki hata baada ya Killer Queen. Mnamo Aprili 1975 Queen walikwenda Japani. Umati wa mashabiki uliwapokea uwanja wa ndege wa Tokyo, na tiketi za ukumbi wa Budokan zikauzwa zote. Waliporudi London wakarudia vyumba vyao vya kupanga. John Deacon, aliyekuwa ameoa karibuni, aliomba fedha za kuanzia kununua nyumba ndogo akanyimwa. Taylor, inasimuliwa, aliambiwa apunguze nguvu anapopiga dramu kwa sababu vijiti vipya vinagharimu. Mercury aliomba piano, naye akakataliwa. Mtoto wa keshia, ambaye wimbo wake ulikuwa ukipigwa redioni kila siku, hakuweza kununua chombo cha kutungia wimbo unaofuata.

Upande wa Trident nao una maelezo yake. Norman Sheffield, katika kitabu cha kumbukumbu alichokichapisha mwaka 2013, alieleza kwamba kampuni ilitumia fedha nyingi kwa vyombo, taa, mavazi na ziara wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kuwekeza, na kwamba mrabaha hufika miezi mingi baada ya sahani kuuzwa. Kwa hesabu za Trident, bendi ndiyo iliyokuwa ikidaiwa, tena karibu pauni 200,000. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwani mauzo ya msimu mmoja huwa hayajawa fedha mkononi msimu huohuo. Lakini hayajibu tatizo la msingi: aliyekuwa akiandika deni ndiye aliyepaswa kulikagua kwa niaba ya wadaiwa.

Jim Beach na talaka ya 1975

Mwishoni mwa 1974 bendi ilimtafuta Jim Beach, wakili kijana wa kampuni ya Harbottle & Lewis ya London, aisome mikataba hiyo na kutafuta njia ya kutoka. Mazungumzo yalichukua karibu miezi tisa. Makubaliano yalifikiwa Agosti 1975: Queen walipata haki za uchapishaji wa nyimbo zao na kuingia mikataba ya moja kwa moja na EMI na Elektra. Kwa upande wao waliilipa Trident pauni 100,000 na kuahidi asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Ziara ya Marekani iliyopangwa wakati huo ilivunjika. Kwa hiyo walitoka huru wakiwa hawana fedha.

Bendi ilitafuta meneja mpya miongoni mwa majina makubwa. Don Arden, aliyeogopwa katika biashara hiyo kwa ukali wake, alikuwa mmoja wa waliotaka kuwachukua. Peter Grant, meneja wa Led Zeppelin, naye alikuwa tayari, ila alitaka waingie katika lebo ya Swan Song ya bendi hiyo. Queen waliona kwamba kwa Grant daima wangekuwa mtoto wa pili nyumbani. Hatimaye walimchagua John Reid, Mskoti mwenye umri wa miaka 26 aliyekuwa meneja wa Elton John. Reid alichukua jukumu la fedha na kuwataka wao washughulike na kutengeneza albamu bora kadiri ya uwezo wao.

Albamu hiyo ni A Night at the Opera, iliyotoka Novemba 1975 na ambayo wakati ule ilitajwa kuwa miongoni mwa albamu zilizogharimu zaidi kurekodiwa. Inafunguliwa na wimbo wa Mercury, Death on Two Legs, wenye ghadhabu kali kwa mtu asiyetajwa. Norman Sheffield aliamini kwamba ni yeye, akatishia kushtaki, na suala likamalizwa nje ya mahakama. Madai yake ndiyo yaliyowafahamisha watu wengi kwamba wimbo ulimlenga yeye. Kiungwana, Mercury angeweza kuyaacha yaliyopita baada ya kulipwa haki yake. Hakuyaacha.

Bohemian Rhapsody

Mwaka huohuo wa 1975 Mercury alinunua piano ya Yamaha, na juu yake akatunga Bohemian Rhapsody. Wimbo huo una urefu wa dakika 5 na sekunde 55. Unaanza taratibu, unapita katika sehemu ya kuigiza opera na kuishia katika roki ya nguvu. Katika sehemu ya opera limo neno la Kiarabu ambalo kila Mwislamu wa Unguja hulitamka kabla ya kula. Watu wa EMI walihofia kwamba vituo vya redio havingekubali wimbo mrefu kiasi hicho na wakataka ukatwe. Bendi ilikataa.

Hapo urafiki ulifanya kazi ambayo mkataba usingeweza. Mercury alifahamiana na Kenny Everett, mtangazaji wa redio ya Capital ya London. Everett alipewa nakala kabla wimbo haujatoka, kwa sharti la kutoupiga. Aliupiga mara 14 katika wikiendi moja. Wasikilizaji wakaanza kuuulizia madukani, na EMI ikauachia kwa urefu wake wote tarehe 31 Oktoba 1975. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Mafanikio hayo yalileta ugomvi wa aina nyingine, safari hii ndani ya bendi. Kila wimbo ulihesabiwa kuwa mali ya mtunzi wake. Upande wa pili wa sahani ya Bohemian Rhapsody ulikuwa na wimbo wa Taylor, I'm in Love with My Car, na kwa kanuni za biashara mtunzi wa upande wa pili hulipwa sawasawa na wa upande wa kwanza, maana sahani ni moja. Taylor alipata fedha nyingi kwa wimbo ambao wanunuzi wengi hawakuufuata, na jambo hilo liliwasumbua wenzake kwa miaka. Suluhisho lilipatikana katika albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, nyimbo zote zilipoandikwa kwa jina la Queen.

Watu wa karibu

Ofisi ya Reid iliwaletea Queen wafanyakazi wake, akiwemo Paul Prenter, ambaye baadaye akawa meneja binafsi wa Mercury. Prenter alikuwa mlinzi wa mlango: simu na wageni wengi walipita kwake, na wanabendi wenzake Mercury walilalamika kwamba alimtenga nao. Mercury alimfukuza kazi katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1987 Prenter aliuza habari za maisha ya faragha ya mwajiri wake kwa gazeti la The Sun.

Tofauti yake ni Mary Austin, aliyekuwa mfanyakazi wa duka la nguo la Biba wakati Mercury alipokutana naye karibu mwaka 1970. Waliishi pamoja katika miaka ya pauni 20 kwa wiki. Mercury alimtungia wimbo wa Love of My Life. Uhusiano wao wa kimapenzi ulikwisha mwaka 1976, Mercury alipomweleza kuhusu mapenzi yake kwa wanaume, lakini Austin alibaki rafiki yake wa karibu kuliko wote na akafanya kazi katika kampuni yake binafsi. Miaka yake ya mwisho Mercury aliishi na Jim Hutton.

Kuachana na Reid

Kazi ya Reid iliwapa Queen albamu tatu kubwa, pamoja na onyesho la bure la Hyde Park la Septemba 1976 lililohudhuriwa na watu wapatao 150,000. Lakini Reid alikuwa bado ana Elton John, na bendi nzima ilihitaji mtu wake peke yake. Waliachana mwanzoni mwa 1978 bila uhasama wa Trident. Reid alipata fidia na sehemu ya mapato ya albamu za kipindi chake.

Badala ya kutafuta meneja mwingine mwenye jina, wanabendi wanne waliamua kumiliki kazi yao kupitia kampuni yao wenyewe. Jim Beach aliacha uwakili na kuja kuisimamia, kwa hiyo aliyewatoa katika mkataba mbaya ndiye aliyebaki kuandika mizuri. John Deacon, mtulivu kuliko wote, alizichungulia hesabu kwa karibu. Mpango huu unafanana kidogo na ule wa vikundi vya taarab vya Unguja kama Ikhwani Safaa, ambavyo huendeshwa na wanachama wenyewe, ingawa ukubwa wa fedha haulinganishwi.

Kodi nayo iliingia katika maamuzi. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato Uingereza kilikuwa asilimia 83, hivyo mwaka 1978 Queen walirekodi albamu ya Jazz nchini Uswisi na Ufaransa. Mwaka 1979 waliinunua kabisa studio ya Mountain iliyoko Montreux, Uswisi. Bendi iliyokuwa ikisubiri usiku studio iwe tupu sasa ilikuwa na studio yake.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1980 Queen walijaza viwanja vya Amerika Kusini, na tarehe 13 Julai 1985 walitoa onyesho lao maarufu la Live Aid katika uwanja wa Wembley. Mercury alirekodi pia albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Alipopata UKIMWI, alificha ugonjwa huo kwa umma kwa miaka kadhaa huku akiendelea kurekodi. Mnamo Novemba 1991 alimwita Jim Beach nyumbani kwake Garden Lodge, Kensington, wakaandaa tangazo lililotolewa tarehe 23. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yalifuata taratibu za Kizoroasta, na majivu yake aliyazika Mary Austin mahali pasipojulikana.

Beach, May na Taylor walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Garden Lodge na sehemu kubwa ya mali vilirithiwa na Austin. Mwaka 2023 aliviuza vitu vya Mercury kwa mnada wa Sotheby's, London, na piano ya Yamaha ya mwaka 1975 ikanunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Kumbukumbu Zanzibar

Mercury hakuwahi kuzungumza sana hadharani kuhusu Zanzibar, na nyumbani kwao kumbukumbu yake imekuwa na ubishi. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya pwani ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, lakini jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi, na sherehe ikafutwa. Watembeza wageni wa Mji Mkongwe wameendelea kuwaonyesha watalii nyumba zaidi ya moja zinazosemwa kuwa za familia ya Bulsara. Tarehe 24 Novemba 2019, miaka 28 tangu afariki, ilifunguliwa makumbusho ya Freddie Mercury katika jengo la Shangani, Barabara ya Kenyatta, lenye picha za utoto wake na za wazazi wake.